Upepo wa Ghorofa ya Sita

Mkurugenzi alikuwa amekwisha kumpata mwizi wake. Alichotaka kwa Mpelelezi ni karatasi tu ya kumfungia.

"Kikao ni saa tisa alasiri," alisema, bila kumkaribisha kiti. "Tunamwachisha kazi, tunamkabidhi kwa polisi, mambo yanakwisha. Wewe niandikie ripoti. Kurasa mbili zinatosha."

Mpelelezi alijikaribisha mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mnene, mwenye mwendo wa taratibu na maswali ya taratibu, na watu wenye haraka walimchoka kabla yeye hajawachoka. Alifungua daftari lake, akaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika tano asubuhi.

"Kimeibwa nini?"

"Diski." Mkurugenzi alionyesha ukubwa wake kwa vidole, kitu cha kutosha kiganjani. "Diski mama ya Mwasha Taa."

Alilitamka jina hilo kwa namna ya mtu anayetazamia mwenzake ashtuke. Mpelelezi hakushtuka. Hakuwahi kucheza gemu ya kompyuta hata siku moja maishani mwake, na alisema hivyo waziwazi, bila haya. Mkurugenzi akavuta pumzi, akaanza kueleza kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia ya chooni.

Miaka thelathini na moja iliyopita, kampuni ikiwa bado ya vyumba viwili, ilitoa gemu ya kimtu kidogo chenye kibiriti. Kimtu kile hupanda mnara wa ghorofa tisa. Huwasha taa zote za ghorofa, mlango hufunguka, hupanda ya juu yake. Basi. Lakini watu wazima wenye watoto wao bado walikuwa wakiikumbuka na kulengwa na machozi, na sasa ilikuwa inatolewa upya baada ya wiki mbili. Aliyeitunga, ambaye kila mtu alimwita Fundi Mkuu, alikuwa hai na ndiye aliyeisimamia kazi. Diski mama ndiyo iliyokuwa na programu yenyewe, mstari kwa mstari, kama alivyoiandika. Zile zilizouzwa madukani zilikuwa zimefungwa: unaweza kuzicheza, huwezi kusoma kilichomo ndani. Nakala nyingine ziliharibika paa la ofisi ya zamani lilipovuja. Ilibaki moja tu, kwenye sanduku la chuma, stoo. Siku kumi zilizopita sanduku lilifunguliwa ili diski ipigwe picha ya matangazo, likakutwa tupu.

"Ufunguo anao nani?"

"Mtunza stoo. Wanamwita Mzee Kabati. Na daftari la stoo linaonyesha kwamba miezi miwili mizima hakuna aliyeingia isipokuwa yeye."

"Kwa nini aibe?"

"Ana kinyongo. Aliupinga mradi mbele ya watu, akasema tunaiharibu gemu." Mkurugenzi alishusha sauti kidogo. "Na aliyemtaja ni Fundi Mkuu mwenyewe. Alisimama mkutanoni kwa hasira, akasema ni huyu, hakuna mwingine."

"Wana ugomvi?"

"Ugomvi? Ni marafiki tangu ujana wao. Ndiyo maana nikaamini."

Mpelelezi aliandika neno hilo la mwisho kama lilivyosemwa, akaomba kuonyeshwa ngazi. Lifti ya jengo lile ilikuwa ikipiga kelele ambazo hakuzipenda.

Mzee Kabati alikuwa chini kabisa, kwenye chumba kisicho na dirisha, katikati ya makabati ya chuma ambamo kila sanduku lilikuwa na kibandiko na kila kibandiko kimeandikwa kwa herufi kubwa zilizonyooka. Alikuwa ameshafungasha. Birika la umeme, vikombe viwili na sweta vilikaa ndani ya boksi la karatasi za printa, juu ya meza iliyopanguswa ikang'aa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umekuja kunipekua?"

"Nimekuja kuuliza. Kupekua nitapekua nikichoka kuuliza."

Mzee akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Alikuwa mzee wa aina ile ambayo ukimtazama tu unaona haya kwa kumshuku. Mpelelezi alikuwa ameshawatia ndani wazee watatu wa aina hiyo, kwa hiyo alivuta kiti, akaendelea.

"Mkurugenzi anasema uliupinga mradi."

"Niliulizwa maoni, nikatoa. Sikujua kwamba siku hizi maoni nayo ni ushahidi."

"Nieleze kama mtu asiyejua kitu. Maana sijui kitu."

Mzee alimtazama kuanzia mabegani hadi mikononi. "Koti lako hilo limechakaa viwiko."

"Mzee!"

"Sikutukani, nafundisha. Ukilipeleka kwa fundi akalifua, akalipiga pasi, akabadilisha vifungo, litabaki koti lile lile. Kitambaa ni kile kile. Hapa kwetu tunaita kung'arisha. Programu ni ya zamani, unasafisha picha, unasafisha sauti, unaiweka ikae vizuri kwenye mashine za leo. Mimi nilitaka hivyo. Sasa, ukimwambia fundi nishonee jingine, vipimo hivi hivi, mkato huu huu, lakini kitambaa kipya, hapo hakuna uzi hata mmoja wa zamani. Hiyo ni kujenga upya. Fundi Mkuu ndiyo aliyoitaka. Alisema anataka kuifanya kama angeifanya siku ile, lau angekuwa na mashine za leo."

"Na Mkurugenzi?"

"Mkurugenzi alitaka kuanzisha upya. Hilo si koti tena, ni jina la koti. Mwasha Taa awe msichana mwenye pikipiki, mnara uwe jiji zima, kibiriti kitupwe. Hadithi nyingine, watu wengine, jina tu ndilo libaki mlangoni ili wateja wa zamani waingie. Fundi akamwambia, nikishakufa mtafanya."

Mpelelezi aliandika maneno matatu, moja chini ya jingine, akayatazama. "Kati ya watu hawa watatu, nani anahitaji diski mama?"

Mzee Kabati alichukua kitambaa, akaipangusa meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Anayeanzisha upya haihitaji hata kidogo. Anayejenga upya haihitaji, yeye anaitazama gemu ikichezwa, anaitengeneza kwa macho na kumbukumbu. Anayetaka kung'arisha ndiye hawezi kufanya lolote bila diski." Akakunja kitambaa. "Kwa hiyo ni mimi. Hesabu hiyo nimeshaipiga, usidhani sijaipiga."

"Umeiba?"

"Sijaiba."

"Basi nitazame upande wa pili. Kama gemu mpya imejengwa kweli, diski haikuwa na kazi humu ndani na aliyeichukua ameipeleka nje. Lakini kama kuna mtu ameing'arisha kisirisiri huku akisema ameijenga, diski imetumiwa na watu wa juu, na wewe utarudisha vikombe vyako kabatini."

"Na usipoona kitu?"

"Saa tisa na nusu utakuwa kwenye gari la polisi."

Mzee alitikisa kichwa polepole. "Ahsante. Watu wote tangu juzi wananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Kabla ya kupanda, Mpelelezi alimwuliza swali moja zaidi: gemu ya zamani ilikuwa na kosa gani? Mzee akajibu bila kufikiri kwamba kila mtu analijua, ni dirisha bovu la ghorofa ya pili. Ukiruka kwenye kona ya dirisha lile, kimtu hupenya ukutani na kutokea ghorofa ya nne. Mpelelezi alifurahi. Kwa akili yake, anayeshona koti jipya hawezi kushona na tundu la zamani.

Ghorofa ya tatu ilijaa meza, nyaya na watu wenye vipokea sauti masikioni. Kiongozi wa mafundi alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, aliyeitwa Miwani kwa sababu ambayo haikuhitaji upelelezi. Alimpa mgeni padi ya kuchezea, akamwonyesha vitufe, akaapa kwamba hakuna mstari hata mmoja wa zamani ndani ya kazi yao. Mpelelezi alikiua kimtu mara kumi na moja kwenye ghorofa ya kwanza. Mara ya kumi na mbili Miwani, ambaye alikuwa na huruma, alimshika vidole na kumpandisha.

Walipofika kwenye dirisha, Mpelelezi alikirusha kimtu kwenye kona. Kikapenya. Kikatokea ghorofa ya nne, kikasimama pale na kibiriti chake.

"Hii nini?" aliuliza, akiwa ameshakaa mkao wa kula.

"Dirisha bovu," alisema Miwani, akicheka. "Hata wewe usiyecheza unalijua? Lile tumelijenga makusudi, dada. Lilituchukua wiki nzima." Alivuta karatasi kutoka kwenye droo. Juu iliandikwa Makosa ya Kubaki, na yalikuwa arobaini na moja, kila moja na jina la aliyelijenga. "Tungeliondoa hilo watu wangetula wabichi. Wapo wanaolipenda kuliko gemu yenyewe."

Basi mkao wa kula ukaishia hapo. Mpelelezi aliisoma orodha yote, kosa kwa kosa, akairudisha. Kosa linalopendwa na watu halikuwa shahidi wake. Alihitaji kosa ambalo halijulikani na mtu, na ambalo hakuna ambaye angejisumbua kulijenga. Ilikuwa saa tano na robo aliposhuka tena ngazi zile, goti likimlalamikia.

"Mzee, nipe kosa ambalo hukumwambia mtu."

Mzee Kabati alimtazama kama anayeulizwa jambo la nyumbani kwake.

"Lipo moja," alisema.

Wakati ule, alieleza, hakuwa mtunza stoo. Alikuwa mjaribu, yaani mtu wa kucheza gemu tangu asubuhi mpaka jioni akitafuta palipoharibika. Kwenye ghorofa ya sita ya mnara, na hapo tu, huvuma upepo. Kuna taa kumi na mbili, na upepo huzima hii na ile wakati kimtu kikihangaika kuziwasha. Mashine za zamani hazikuweza kubahatisha taa ya kuzima, kwa hiyo Fundi Mkuu alikaa na dadu mbili kwenye meza ya chakula, akarusha mara mia nne. Yeye alirusha, Mzee Kabati akaandika.

"Dadu mbili haziwezi kutoa moja," alisema. "Zinaanzia mbili. Sasa taa ya kwanza ingekuwa haizimiki kamwe. Fundi akasema, hilo dogo, kila namba ipunguze moja. Tukapunguza, tukajiona werevu sana. Kumbe kumi na mbili nayo ikawa kumi na moja, na taa ya mwisho ikabaki haiguswi na upepo hata ufanye nini. Wachezaji hawajagundua, maana wao huwasha kutoka kushoto, na ile ndiyo ya mwisho. Wakiiwasha mlango unafunguka, wanaondoka."

"Wewe uligundua lini?"

"Siku ya mwisho, gemu inasubiriwa kiwandani. Fundi hajalala siku tatu, mke wake yuko hospitali anajifungua, na kila dakika ananiuliza, imekamilika? Nikamwonea huruma. Nikamwambia imekamilika." Alifungua kabati bila kutafuta, akatoa daftari la shule lililochoka. "Ni uongo pekee niliomwambia maisha yangu yote. Lakini niliuandika, na upepo ishirini wa mwanzo nikauandika, nikijisemea nitamwambia siku moja."

Walipanda pamoja. Mafundi waliinua vichwa, kisha wakavishusha, kwa sababu mzee yule alikuwa hajaonekana juu tangu siku ya mkutano na hawakujua wamsalimie au wasimsalimie. Miwani peke yake aliinuka na kumpa kiti chake.

Waliingia ghorofa ya sita ya gemu. Kwa maelezo ya Mzee, Miwani aliwasha kwanza taa ya kumi na mbili, ya mwisho kulia, kisha nyingine zote isipokuwa moja, ili mlango usifunguke. Halafu akaiweka padi mezani. Upepo ukavuma kwenye skrini. Ukazima ya tatu, ukazima ya saba, ukazima ya sita. Baada ya muda taa zote zilikuwa zimekufa isipokuwa moja, ya mwisho kulia, na upepo ukaendelea kupiga kila mahali penye giza na kuiacha ile.

"Hii haimo kwenye orodha yangu," alisema Miwani.

"Ifungue," alisema Mpelelezi.

Miwani alifungua programu. Kwenye skrini kulikuwa na namba, mstari baada ya mstari, mia nne. "Nani anaandika namba kwa mkono siku hizi? Mimi ningeiachia mashine ichague."

"Zisome."

Miwani akasoma. Mzee Kabati alifuata kwa kidole kwenye daftari lake, na kwa kila namba akatikisa kichwa kukubali. Tatu. Saba. Sita. Sita tena. Moja. Kumi. Walipofika ya ishirini hawakuwa wamepishana hata moja.

Mpelelezi alizunguka meza polepole, akifikiri kwa sauti. "Huenda mtu aliitazama gemu ya zamani akaziandika kwa macho?"

"Ghorofa ile ina dakika mbili tu," alisema Miwani. "Huwezi kuona zaidi ya upepo sitini kabla ya kutupwa nje. Hapa zimo mia nne."

"Huenda alirusha dadu upya?"

"Zikaanguka vile vile mara ishirini mfululizo? Hapana, dada. Hii imenakiliwa kutoka kwenye diski." Miwani alivuta kiti kingine, akakaa taratibu. "Lakini ni ghorofa hii tu. Nyingine nane tumezijenga sisi, naziapia."

"Hii ilijengwa na nani?"

Miwani na Mzee Kabati walitazamana.

"Upepo ulitushinda," alisema Miwani. "Miezi miwili. Kila tukimwonyesha Fundi Mkuu anasema sio, sio upepo wangu huo. Nikamwuliza wako ulikuwaje, akawa mkali, akasema nitauleta mwenyewe. Jumatatu moja akaja nao kutoka nyumbani, umekamilika. Wiki tano sasa."

Mpelelezi alimgeukia mtunza stoo. "Mzee wangu, nani huingia stoo kwako bila kuandikishwa?"

Mzee Kabati alikuwa ameshafunga daftari na kulikumbatia.

"Mzee."

"Andika ni mimi," alisema.

"Nimeuliza nani huingia."

"Kila Ijumaa tunakunywa chai. Miaka yote. Nimwandikishe kwenye daftari kama mgeni? Vitu vyote mle ni vya kwake." Akanyoosha kidole kwenye daftari la Mpelelezi. "Andika ni mimi, binti yangu. Nimechukua, nimeuza, nimetupa, chagua unalotaka."

"Ulijua?"

"Nimejua sasa hivi, pamoja na wewe. Fundi hajui kusema uongo. Hajawahi. Aliposimama mkutanoni akasema ni mimi, aliamini. Unaelewa ninachosema? Aliamini." Alimtazama mmoja, kisha mwingine. "Mwaka huu ameniita mara mbili kwa jina la kaka yake aliyekufa. Nikaitika. Sasa mkilisema hili saa tisa, watamtoa kwenye gemu yake wiki mbili kabla haijatoka. Mimi stoo watanitoa tu, kama si leo ni mwakani. Kwangu ni hasara ndogo."

Miwani alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la blauzi, akawa haivai tena. Mpelelezi naye alianza kukusanya vitu vyake kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika. Alikuwa amefanya kosa la hesabu asubuhi ile, yeye na mzee wote wawili. Walisema anayejenga upya hahitaji diski, kwa sababu anayo kumbukumbu. Hawakufikiria mtu ambaye kumbukumbu yenyewe inamtoka.

"Siandiki uongo, mzee wangu," alisema. "Hata wa huruma. Lakini sijakuambia bado nitaandika nini."

Ilikuwa saa saba na nusu.

Nyumba ya Fundi Mkuu ilikuwa ndogo na safi. Mkewe alifungua mlango, mama aliyepita umri wa makamo, aliyejifunga kitambaa kichwani. Aliposikia neno kampuni alishika fremu ya mlango, lakini mumewe alikuwa ameshafika nyuma yake, mrefu, amenyoa vizuri, shati limepigwa pasi.

"Karibu, mwanangu, karibu ndani. Umekuja kwa habari ya yule bwana?" Alimwingiza kwenye chumba chake cha kazi kabla hajajibiwa. "Miaka thelathini namwamini. Ningempa nyumba hii ailinde, nisingehesabu vijiko. Kumbe!" Alitupa mkono hewani. "Alinitazama machoni akasema hajui kitu."

"Baba, kaa kwanza," alisema mkewe.

"Sikai. Nimeumizwa, acha niumie nimesimama."

Mpelelezi alikuwa akitazama meza. Juu yake kulikuwa na kompyuta mbili, mpya nyembamba na nyingine kuukuu, nene, rangi ya chai ya maziwa. "Fundi, mimi gemu sizijui," alisema. "Ila nimesifiwa upepo wako. Naomba unionyeshe."

Hasira ilimtoka palepale. Alikaa mbele ya mashine kuukuu, akaiwasha, na vidole vyake vikaenda bila kutafuta. Mashine ilikoroma. Namba zikajaa skrini, tatu, saba, sita, sita. "Unaona? Kila moja nimeirusha kwa mkono. Yule bwana aliandika, mimi narusha. Tulicheka usiku kucha, maana dadu moja ilikuwa inaangukia kwenye supu." Alitabasamu, akasahau kwamba amechukia.

"Mashine inazisoma kutoka wapi, Fundi?"

"Kutoka kwenye diski." Alibonyeza kitufe mwenyewe, na diski ikatoka nusu, ikasimama pale. Kibandiko chake kilikuwa na herufi kubwa zilizonyooka: MWASHA TAA. MAMA. USIGUSE.

Fundi Mkuu aliitazama. Aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza, akairudisha upande wa maandishi.

"Ameileta hapa lini?" aliuliza.

Mkewe alipiga moyo konde, akaja kusimama karibu yake. "Hakuileta yeye, baba. Umeileta wewe, mfukoni mwa shati, siku ya Ijumaa. Ukakaa nayo siku mbili hapa, chakula hutaki. Ukaniambia nisikusumbue, unajisoma."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nimekuambia." Alimwekea mkono begani. "Nimekuambia mara nne. Kila mara unalia, unasema utaenda kumwomba radhi. Kesho yake unaamka na hasira naye mpya. Niliogopa kukuliza mara ya tano." Alimgeukia Mpelelezi. "Nilidhani watanuniana tu, kisha yapite. Watamfanya nini?"

"Leo saa tisa wanamfukuza kazi, mama. Na polisi wameitwa."

Mama yule alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Fundi Mkuu bado alikuwa ameishika diski.

"Yeye amesemaje?" aliuliza, kwa sauti ndogo. "Rafiki yangu. Ulipomwambia ni mimi, amesemaje?"

"Amesema niandike ni yeye."

Fundi Mkuu alijifunika uso kwa mkono mmoja. Alilia waziwazi, kama mtu mzima aliyefiwa, na hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza alijipangusa kwa mkono wa shati lake lililopigwa pasi.

"Nipe karatasi. Sasa hivi, mwanangu, tusikae."

Aliandika kwa herufi nzuri, bila kufuta. Mimi ndiye niliyechukua diski mama kutoka stoo. Rafiki yangu hakuiba kitu. Nilisahau. Akaweka sahihi na tarehe, tarehe akamwuliza mkewe.

"Fundi," alisema Mpelelezi, "neno la mwisho si lazima. Sentensi mbili za kwanza zinatosha kumtoa."

"Wataniuliza kwa nini nilimsingizia. Unataka wadhani nilikusudia?" Aliikunja karatasi mara mbili. "Neno hilo ndilo la lazima."

Mpelelezi aliendesha. Wazee wawili walikaa nyuma, diski ikiwa kwenye mkoba wa mama na karatasi mkononi mwa baba. Barabara ilikuwa na magari mengi, na kwenye taa ya kwanza walisimama muda mrefu nyuma ya lori la saruji. Kwenye taa ya pili Fundi Mkuu alitazama dirishani, akatazama viti vya mbele, akamgeukia mkewe kwa adabu.

"Mama, tunakwenda wapi?"

Mpelelezi alimwona mama kwenye kioo akifumba macho kidogo. "Soma karatasi uliyoshika, baba."

Alikunjua, akasoma. Alisoma polepole, midomo ikisogea, kisha akarudia tangu mwanzo.

"Nani ameandika haya?"

"Wewe."

Aliusogeza mwandiko karibu na macho, akautazama mpaka akaridhika kwamba ni wake. Taa ikageuka kijani.

"Kikao saa ngapi?"

"Saa tisa," alisema Mpelelezi. "Sasa ni saa nane na dakika arobaini."

"Basi kanyaga mafuta, mwanangu," alisema Fundi Mkuu. "Kanyaga, kabla sijauliza tena."